Majira ya Sherehe Katika Nchi ya Wakisii

Kila nchi ina majira yake ya kufurahi, na majira hayo hayachaguliwi na mtu. Huchaguliwa na jua, na mvua, na mavuno. Waingereza, ambao nchi yao i mbali sana na ikweta, hukingojea kiangazi chao kama vile mkulima wa kwetu aingojeavyo mvua ya kwanza. Katika mwezi wa Juni mjini London jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja za alfajiri na huchwa baada ya saa tatu za usiku, hata mtu aweza kuketi uani akasoma gazeti baada ya chakula cha jioni bila ya kuwasha taa. Kwa hiyo karibu kila sherehe yao huipeleka katika miezi hiyo: maonyesho ya kilimo, mechi za kriketi, minada ya kanisa, na likizo ndefu ya shule. Hata gwaride la kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Mfalme hufanywa katika Juni, ingawa Mfalme Charles wa Tatu mwenyewe alizaliwa Novemba. Wamekwisha kujua kwamba mvua na baridi ya Novemba haziwafai watazamaji.

Sisi watu wa Kisii na Nyamira hatuna kiangazi cha namna hiyo. Jua letu halibadili saa zake. Huchomoza saa kumi na mbili na kuchwa saa kumi na mbili, mwaka hata mwaka. Saa yetu ni mvua. Mvua kubwa huanza Machi, na nyingine huja kuanzia Septemba, na kati ya hizo mkulima hupata nafasi ya kupumua. Katika nafasi hizo ndimo tulimoweka furaha zetu. Nia yangu leo ni kumtembeza msomaji katika majira hayo, ili aone jinsi watu wasiokuwa na mfalme wanavyofanya sikukuu, na aone pia jambo linalohatarisha sikukuu hizo.

NJIA YA KUINGIA

Mgeni atokaye Nairobi husafiri kiasi cha kilomita 300, akipita Narok, Bomet na Sotik. Baada ya Sotik huona majani ya chai pande zote mbili za barabara, na afikapo Chebilat amekwisha kugusa mpaka wa Nyamira. Hapo nchi hubadilika. Vilima husongamana, na kila kilima kimelimwa tangu bondeni hata kileleni: chai, migomba, mahindi, wimbi, na mikalitusi kwenye mipaka. Nyumba hazikukusanyika pamoja kama vijiji vya pwani. Kila nyumba iko ndani ya shamba lake, na mashamba yanafuatana bila ya nafasi, hata mgeni hawezi kutambua ukoo huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Hupita Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa kaunti hizi mbili, kisha Keumbu, ambako akina mama huuza ndizi kando ya barabara, na mwishowe huingia mji wa Kisii.

Mji wenyewe umo katikati ya vilima, kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Wazee waliuita Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu, kwa kuwa hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipojenga boma lake mwaka 1907. Mtu apendaye kuiona nchi nzima kwa mara moja na apande ukingo wa Manga, upande wa Nyamira. Kutoka juu huona mji wa Kisii chini yake, mabati ya nyumba yakimetameta katikati ya migomba, na siku ambayo anga ni safi huonekana maji ya Ziwa Victoria upande wa magharibi. Na mtu apendaye kuona kazi ya mikono na ashuke kusini mpaka Tabaka, ambako mawe laini huchimbwa kutoka ardhini, na mafundi huyachonga bakuli, tembo, vifaru na sanamu za watu. Akina mama huyasugua majini mpaka yawe laini kama yai. Vitu hivyo vimevuka bahari kuliko Wakisii wenyewe.

JULAI NA AGOSTI

Mahindi yanapoanza kukauka mashambani, karibu na katikati ya mwaka, huja onyesho la kilimo la Kisii. Kama ilivyo desturi ya maonyesho ya kilimo mahali pote, huko Uingereza na huku kwetu, mkulima huja kutazama ng'ombe wa mwenzake akijidai kwamba amekuja kustarehe tu. Husimama mbele ya zizi, huuliza ng'ombe yule hula nini na hutoa maziwa kiasi gani kwa siku, kisha hurudi nyumbani akifikiri. Watoto wao wamekuja kwa ajili ya pembea na peremende, wala haidhuru. Baba na mtoto wote wawili hurudi wameridhika.

Katika Agosti, shule zinapofungwa, Waadventista Wasabato hufanya makambi yao. Dini hiyo imeota mizizi mirefu kwetu tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanzishwa, kama vile Wakatoliki walivyoota mizizi Nyabururu. Katika juma la makambi watu huvaa nguo zao njema, huketi chini ya maturubai, huimba kwa sauti nne, husikiliza mahubiri, na huonana na jamaa ambao hawakuwaona tangu Agosti iliyopita. Ndipo uchumba mwingi huanza, ingawa hakuna mhubiri anayeutangaza.

Na kwa wale ambao ibada yao nyingine ni kandanda, kuna Gusii Stadium na timu ya Shabana. Timu hiyo ilishuka kutoka ligi kuu mwaka 2006, ikakaa nje miaka 17, na mwaka 2023 ikarudi. Mtu asiyejua upendo wa Wakisii kwa timu hii na aende siku ya mechi. Ataona mabasi yaliyofungwa matawi, na wazee wenye fimbo wakikimbia kama vijana kwenda kutafuta nafasi ya kukaa.

NCHI ISIYO NA MFALME

Msomaji wa Buganda au wa Mumias huenda akauliza: siku ya mfalme wenu ni ipi? Jibu ni kwamba hatukuwa naye. Watu wetu waligawanyika katika koo kubwa, yaani Abagetutu, Abanyaribari, Ababasi, Abamachoge, Abanchari, na Abagirango ambao wako kaskazini na kusini. Mambo ya kila ukoo yaliamuliwa na wazee walioketi pamoja. Mtu tajiri wa ng'ombe na wana aliheshimiwa, lakini hakuna aliyepigiwa magoti na nchi nzima.

Mfalme wa kwanza tuliyemjua alikuja kwa njia ya bunduki. Serikali ya Kiingereza ilipeleka askari katika nchi yetu mwaka 1905. Mnamo Januari 1908 kijana mmoja aitwaye Otenyo alimchoma mkuki afisa wa wilaya, Bwana Northcote, ambaye alijeruhiwa lakini hakufa. Nabii Moraa, mwanamke wa Kitutu, anakumbukwa mpaka leo kuwa ndiye aliyewatia vijana moyo wa kupigana. Malipo yake yalikuwa makali: askari walikuja, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa kwa wingi, na watu wengi wakauawa. Baadaye serikali ilisimamisha machifu, na mmoja wao, Musa Nyandusi wa Nyaribari, alipata nguvu ambazo hakuna mzee wa kale aliyepata kuwa nazo.

Basi sikukuu za kifalme zilipokuja, zilikuja pamoja na historia hiyo. Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George wa Sita alifariki, na binti yake Elizabeth akawa Malkia hali yuko katika nchi yetu ya Kenya, huko Nyeri. Akatiwa taji London tarehe 2 Juni 1953, siku ambayo mvua ilinyesha juu ya maandamano ingawa ilikuwa kiangazi. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952. Hata hivyo sherehe za taji zilifanywa katika nchi hii kwa gwaride, michezo na karamu. Watu waliofurahi siku kama hizo si lazima wawe walimpenda mtawala wasiyemwona. Mtoto wa shule hufurahi kwa kuwa ameachiliwa darasa, na amepewa nyama, na ameshinda mbio za gunia. Furaha ya namna hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mtoto na ya nyama.

Desemba 1963 Prince Philip, mume wa Malkia, alikuwapo Nairobi bendera ya Uingereza iliposhushwa. Na tarehe 31 Oktoba 2023, mwana wao, Mfalme Charles, alianza Nairobi, pamoja na Malkia Camilla, ziara ya siku nne. Katika karamu ya Ikulu alikiri kwamba Wakenya walitendewa ukatili usioweza kutetewa walipokuwa wakipigania uhuru wao, akaeleza majuto yake, ingawa hakuomba radhi rasmi. Ziara yake ilikuwa Nairobi na Mombasa; vilima vyetu hakuvifikia.

WAKISII KATIKA KIANGAZI CHA WAINGEREZA

Lakini Wakisii wamekwisha kukifikia kiangazi chake, tena kwa miguu yao. Mnamo Julai 1954 mkimbiaji wetu Nyandika Maiyoro alisimama katika uwanja wa White City, London, kushindana katika mbio za maili tatu. Waingereza waliojaa uwanjani hawakuwa wamezoea kuona Mwafrika katika mbio ndefu. Maiyoro aliondoka kwa kasi, akawaacha wote nyuma kwa hatua nyingi, na watazamaji wakashangaa. Mwishowe Waingereza wawili, Green na Chataway, walimpita, na ili kumaliza mbele iliwabidi wakimbie kwa muda ambao haujapata kufikiwa na mtu yeyote duniani. Maiyoro akawa wa tatu. Mwaka ule ule alikwenda Vancouver, Kanada, akawa wa nne. Mwaka 1960, katika Olimpiki ya Roma, akawa wa sita katika mita 5,000.

Julai 1958 ikaja zamu ya Arere Anentia, Mkisii mwingine, katika Michezo ya Dola na Jumuiya ya Madola mjini Cardiff, Wales. Alipata medali ya shaba katika maili sita. Michezo hiyo ilipofungwa, sauti ya Malkia iliyonaswa katika ukanda ilisikizwa uwanjani, akitangaza kwamba mwanawe Charles, mtoto wa miaka tisa, atakuwa Mwana wa Mfalme wa Wales. Mtoto huyo ndiye mfalme aliyekuja Nairobi mwaka 2023.

Kisha akaja Naftali Temu, mzaliwa wa upande wa Nyamira. Mwaka 1968 huko Mexico alishinda mbio za mita 10,000, akaipatia Kenya medali ya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza ugenini, na kwa hiyo yatupasa sisi wa nyumbani tuwatunze maradufu kwa kuyataja majina yao mbele ya watoto wetu.

DESEMBA

Hata hivyo, msomaji mpenzi, majira yetu makuu ni Desemba. Shule zimefungwa, mahindi yamekwisha kuvunwa, wimbi umo ghalani, na sikukuu ya Jamhuri ya tarehe 12 hufuatwa upesi na Krismasi. Nairobi, Nakuru, Mombasa na Kericho huwatapika watu wetu. Nauli ya matatu hupanda, na mtu hupakata mtoto wake juu ya gunia la sukari tangu Narok hata Keroka, wala hanung'uniki sana, kwa kuwa anakwenda nyumbani.

Akifika, kuna jambo ambalo huwachekesha wageni wa pwani. Mtoto wa mjini aliyezoea Kiswahili humkimbilia baba yake akisema "baba", na nyanya yake hudhani anamwita mama. Maana katika Kikisii baba ni mama, na baba wa Kiswahili ni tata. Nyanya mwenyewe huitwa magokoro. Baada ya siku mbili mtoto amekwisha kujifunza, na amekwisha kula ugali wa wimbi kwa mboga ya chinsaga, ambayo uchungu wake humfanya akunje uso mara ya kwanza na kuongeza mara ya pili.

Desemba ndio mwezi wa kuwatahiri wavulana. Zamani walikwenda alfajiri kwenye baridi, wakatahiriwa, wakarudi wakisindikizwa na nyimbo, kisha wakakaa faraghani katika nyumba yao wakiutunza moto usizimike, wakifundishwa heshima na wakubwa wao. Siku hizi wengi hupelekwa kwa daktari, na makanisa mengine huwakusanya wavulana mahali pamoja kwa mafunzo. Lakini nyimbo zingalipo, na siku ya kutoka faraghani ingalipo. Mvulana huvikwa nguo mpya. Shangazi huja na zawadi, mjomba huja na jogoo. Mzee mwenye obokano, kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane, hupiga nyuzi zake mpaka ardhi ionekane inatetemeka. Mvulana wa miaka kumi hukaa kwenye kiti katikati ya ukoo wake, na kila mtu mzima huja kumpa mkono. Kwa siku moja yeye ndiye mfalme wa boma lile, na watu wote waliokuja wanamjua kwa jina.

Hapo ndipo nionapo tofauti ya sikukuu yetu na ile ya taji. Sikukuu ya taji iliandaliwa na serikali na kuletwa kwa watu. Hii huandaliwa na mama wa nyumba, na mwenye kuilipia ni baba wa nyumba, na anayesherehekewa yupo mbele ya macho yao.

YANAYOTUHATARISHA

Nisingekuwa mwandishi mwaminifu kama ningeishia katika kusifu. Mambo mawili yananitia wasiwasi.

La kwanza ni mabinti zetu. Katika majira haya haya ya nyimbo, wasichana wengi wa Kisii wamekuwa wakikeketwa. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 juu ya afya ya jamaa ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Kikisii wenye umri wa kuzaa, kiasi cha 84 walikuwa wamekeketwa, na hali katika Kenya nzima walikuwa 21 tu. Sheria ya mwaka 2011 imekataza kabisa: anayefanya tendo hilo, au anayelisaidia, aweza kufungwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, au kutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au yote mawili. Basi watu wakahamisha jambo kutoka mchana kwenda usiku, na kutoka kwa bibi mzee kwenda kwa mtu aliyesomea uuguzi, wakidhani kwamba dawa ya ganzi na kisu safi hulihalalisha. Hakilihalalishi kisu safi. Damu, maumivu, na taabu wakati wa kujifungua humfuata mwanamke mpaka uzeeni. Nyimbo zinazoimbwa kwa sauti kuu kwa ajili ya mvulana zimekuwa zikitumiwa kufunika kilio cha dada yake katika nyumba ya pili. Na itakuwaje tuiite sikukuu ya jamaa, ikiwa nusu ya watoto wa jamaa wanaiogopa? Wako wazazi waliokwisha kutafuta njia nyingine: huwakusanya mabinti juma zima, huwafundisha adabu, afya na masomo, kisha huwafanyia karamu ya kutoka sawasawa na ya kaka zao, bila ya kisu. Hao ndio wa kufuatwa.

La pili ni ardhi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Katika Kisii hao ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Shamba ambalo babu aligawa kwa wana wanne, na wana wale wakagawa tena, leo ni kipande ambacho mtu aweza kurusha jiwe toka mpaka hata mpaka. Ndugu huja Desemba kula pamoja, na siku ya pili ya Krismasi huanza kugombana juu ya mpaka wa migomba. Katika hali hiyo kuna wazee wanaouza kipande cha shamba, au kukopa, ili karamu ya mtoto wao isipitwe na karamu ya jirani: hema kubwa zaidi, ng'ombe badala ya mbuzi, vipaza sauti kutoka mjini. Januari hufika na karo ya shule, na mvulana aliyekaa kwenye kiti cha heshima hana kitabu. Aliyeuza shamba kwa ajili ya karamu ameuza Desemba zote zijazo, kwa kuwa watoto wake watapanda matatu kwenda wapi?

SHAURI

Kwa hiyo nawasihi wenzangu, wakulima wa Nyaribari na Bobasi, wa Kitutu na Mugirango, na makarani tulio maofisini mbali na nyumbani. Tuitunze Desemba yetu. Baba na mama wakae mwezi wa Oktoba na karatasi, waandike kwanza karo ya Januari, kisha mbegu na mbolea, na kile kitakachobaki ndicho kiwe karamu. Jogoo mmoja aliyelipiwa ni mtamu kuliko ng'ombe wa deni. Ndugu wapimiwe mipaka yao na kuandikishwa hati mzee angali hai, ili wakutanapo wazungumze habari za watoto. Na binti akae kwenye kiti kile kile alichokaa kaka yake, mzima wa mwili, apewe mkono na ukoo wake wote.

Waingereza hukishukuru kiangazi chao kwa kuwa ni kifupi. Desemba yetu nayo ina siku 31 tu. Mwenye kusoma haya ambaye hajapata kuifikia nchi yetu na aje mwaka huu, apite Sotik na Chebilat, na ashuke Keroka au Nyamira au Kisii. Atasalimiwa "Bwakire", atapewa kiti, na atakula.